Kibaba Kijae Ndipo Kihesabiwe

Katika shule yetu muhula huu hakuna neno lililoleta mabishano mengi mabwenini kuliko hili: je, pushapu isiyofika chini ihesabiwe, au isihesabiwe? Asiyekaa nasi aweza kucheka na kusema kwamba haya ni mabishano ya watoto. Lakini muhula uliopita, siku ya kushindania kikombe cha mabweni, mabweni mawili yalikaribia kupigana kwa ajili ya jambo hilo hilo, na tangu siku ile wako vijana wanaokula meza moja ambao hawasemezani. Kwa kuwa mashindano yatakuja tena kabla ya sisi wa Kidato cha Nne kuondoka, naona yafaa jambo hili litazamwe kwa utulivu hapa karatasini, mahali ambapo hakuna awezaye kupiga kelele.

Kwa faida ya wazazi wanaosoma gazeti hili, naeleza kwanza mambo yalivyo. Nyuma ya bweni tuna bomba la chuma lililofungwa kati ya miti miwili, ambalo ni la kujivuta. Tuna benchi moja ya mbao. Kisha tuna vyuma vyetu wenyewe, yaani makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Jioni, baada ya kazi za usafi, vijana hukusanyika hapo. Najua wako wazazi wanaodhani kwamba kunyanyua vitu vizito ni kazi ya wahuni, au kwamba kutamfanya mtoto asirefuke. Sivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na kwamba walau siku 3 katika juma yawemo mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Basi zoezi lenyewe halina ubaya, bali ugomvi wetu ni juu ya namna ya kulifanya.

Pande ni mbili. Upande wa kwanza ni watu wa mwendo kamili. Hao husema kwamba pushapu ni kifua kushuka mpaka karibu na ardhi na mikono kunyooka juu, na kwamba kujivuta ni kuanza mikono ikiwa imenyooka na kumaliza kidevu kikiwa juu ya bomba. Pungufu ya hapo ni bure. Upande wa pili ni watu wa nusu. Hao hujibu kwamba msuli haujui kuhesabu, unajua kuchoka tu; kwa hiyo mtu akifanya nusu 60 akatoka jasho, amefanya kazi, na asinyimwe haki yake.

Mimi nasema kila upande umeshika ukweli nusu. Nusu isiitwe kamili. Lakini nusu isidharauliwe.

Kwanza yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo wenzetu huyachanganya. Liko jambo la utaratibu, na liko jambo la urefu wa mwendo. Mtu anayejirusha kwa kiuno na kupiga miguu hewani ili kidevu kifike juu ya bomba amekwenda mwendo wote, lakini hana utaratibu, kwa sababu aliyepanda si yeye kwa mikono yake, amepandishwa na mrusho. Mwingine hushuka nusu tu, polepole, mgongo umenyooka, akasimama na kurudi. Huyu ana utaratibu mzuri ingawa mwendo wake ni mfupi. Ukiwaita wote wawili wadanganyifu umekosea. Wa pili hajamdanganya mtu yeyote, maadamu anaposema idadi yake asema pia kwamba ni za nusu.

Pili, tutazame kwa nini nusu ni rahisi. Tulifundishwa habari za wenzo tangu shule ya msingi. Kiwiko ni egemeo, na mkono kutoka kiwiko hadi kiganja ni wenzo. Chukua kopo la kilo 10, ambalo uzito wake ni kama nyutoni 100, na tuseme urefu kutoka kiwiko hadi kiganja ni sentimeta 30. Mkono ukiwa umelala sawasawa na ardhi, nguvu ya kugeuza ni 100 mara 0.30, yaani nyutoni-mita 30. Ukipandisha kopo mpaka mkono ubaki nyuzi 30 tu kufika wima, umbali kutoka egemeo hadi mstari wa uzito umekuwa sentimeta 15, na nguvu ya kugeuza ni nyutoni-mita 15. Kopo ni lile lile, mkono ni ule ule, lakini mzigo wa msuli umepungua nusu. Kadhalika katika kuchuchumaa na mzigo begani. Mtu aliyekunja magoti kidogo tu hubebewa sehemu kubwa na mifupa yake. Lakini mapaja yakilala sawasawa na ardhi, hapo ndipo misuli hulia. Ndiyo maana kijana aweza kuchezesha magoti kidogo na makopo manne, akashangiliwa, na kesho yake akashindwa kuinuka na makopo mawili kutoka chini. Nguvu zake hazikupotea usiku. Jana hazikupimwa.

Watu wa nusu hupenda kusema kwamba wataalamu siku hizi wako upande wao. Ni kweli kwamba yapo mambo mapya, lakini tuyasome mpaka mwisho. Uchunguzi mmoja uliofanywa Brazil na kutangazwa mwaka 2022 uliwachukua wanawake wasiozoea vyuma, wakafanya zoezi la kunyoosha goti kwa mashine. Waliofanya nusu ya mwanzo, ile ambayo msuli wa paja umevutika, walikuza misuli kuliko waliofanya nusu ya mwisho, wala hawakushindwa na wale wa mwendo kamili. Mwingine uliotangazwa mwaka 2023 ulihusu vigimbi vya wanawake vijana. Hapo nusu ya chini, kisigino kikiwa kimeshuka, ilikuza kigimbi hata kuliko mwendo wote. Uchunguzi wa baadaye juu ya watu waliokwisha zoea vyuma umeona tofauti ndogo sana kati ya nusu hiyo na mwendo kamili.

Sasa nawauliza wenzangu: nusu iliyosifiwa ni ipi? Ni ile ya chini, ambayo msuli umevutika na mtu hukunja uso. Na nusu inayofanywa nyuma ya bweni letu ni ipi? Ni ile ya juu, mikono karibu imenyooka, mwili ukitikisika kama jani la mgomba. Basi wanaolitaja jina la wataalamu wamechukua nusu ya maneno yao pia. Anayetaka kufuata uchunguzi ule na ashuke chini akae huko. Nami nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi. Tena ajue neno jingine lililothibitika: mtu huongeza nguvu zaidi katika sehemu ile ya mwendo aliyoizoeza. Aliyezoeza juu tu, akitakiwa chini hatakuwa na kitu.

Tatu, tutazame yaliyotokea duniani pale kipimo kilipolegezwa. Tangu mwaka 1928 hadi 1972 wanyanyua vyuma wa Olimpiki walishindana kwa minyanyuo mitatu. Mmoja wao ulikuwa wa kuleta chuma kifuani na kukisukuma juu kwa nguvu za mikono na mabega, mwili ukiwa wima, bila msaada wa miguu. Miaka ilivyopita washindani walizidi kujipinda nyuma, kila mmoja kidogo kuliko mwenzake, hata mnyanyuo wa kusimama ukafanana na wa mtu aliyelala benchini. Waamuzi hawakuweza tena kukubaliana nani amefanya haki na nani amevunja sheria. Mwisho wake ulikuwa nini? Baada ya michezo ya Munich mwaka 1972 mnyanyuo huo ulifutwa kabisa, na tangu Montreal mwaka 1976 imebaki minyanyuo miwili tu. Ulianza kufa siku ile mwamuzi wa kwanza aliposema, haidhuru, ni kidogo tu.

Wengine wamejifunza kutoka hapo. Katika mchezo wa powerlifting, ambao una mnyanyuo wa kusukuma chuma mtu akiwa amelala benchini, walitokea washindani waliokunja mgongo kama upinde na kutanua mikono, chuma kikasafiri sentimeta chache tu. Shirikisho lao la kimataifa halikufuta zoezi. Kuanzia mwaka 2023 liliweka sheria kwamba chini ya kiwiko lazima kushuke kufika usawa wa juu ya bega, au chini zaidi. Sheria ni fupi, kila mwenye macho huiona, na zoezi likasalia.

Na sasa nawageukia watu wa mwendo kamili, kwa maana nao wana lao. Wao husimama karibu na bomba na kumcheka mtoto wa Kidato cha Kwanza asiyeweza kujivuta hata mara moja. Humwambia, "Nusu si kitu, rudi ukalale." Kweli mtoto huenda kulala, wala harudi tena. Je, hapo shule imepata nini?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yuko mtu mmoja katika historia ya vyuma aliyeifuata methali hii bila kuisikia. Ni Paul Anderson wa Toccoa, Georgia, huko Marekani, aliyeshinda nishani ya dhahabu katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Husimuliwa kwamba alichimba shimo akasimama ndani yake, mzigo mzito ukiwa umekaa ukingoni, ili aweze kuuinua kwa mwendo mfupi. Kisha, siku baada ya siku, alirudisha udongo shimoni kidogo kidogo. Kila alipoongeza udongo yeye alisimama juu zaidi, kwa hiyo ilimpasa kuchuchumaa chini zaidi kuupata mzigo ule ule, mpaka shimo likajaa na mwendo ukawa kamili. Huyo alifanya nusu, tena nusu nyingi. Lakini alijua ni nusu, na kila siku alikuwa akienda kuijaza. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kibaba kinachojazwa na kibaba kinachouzwa kabla hakijajaa. Mwenye duka akikupimia unga kibaba nusu na kukutoza bei ya kizima, hutamwambia ahsante kwa sababu ametoka jasho.

Kwa hiyo naleta mashauri manne mbele ya mwalimu wa michezo na viranja wa mabweni.

La kwanza: katika kushindania kikombe, pushapu ihesabiwe ile tu ambayo kifua kimegusa ngumi ya mwenzake iliyowekwa chini, na mikono imenyooka juu. Mwenye ngumi awe wa bweni jingine. Katika kujivuta, mikono inyooke chini, kidevu kipite bomba, na miguu isirushwe.

La pili: wanaoanza wapewe mashindano yao, yasiyo ya kikombe. Tuweke matofali matatu ya kuchoma, moja juu ya jingine, na kifua kiguse tofali la juu. Baada ya majuma mawili tuondoe moja, kisha jingine, mpaka kibaki kimo cha ngumi. Asiyeweza kujivuta apande juu ya benchi, ashike bomba kidevu kikiwa juu, na ajishushe polepole akihesabu hadi tano. Yaandikwe ubaoni, kila mtu na idadi ya matofali yake, bila aibu.

La tatu: nusu zinazofanywa kwa mazoezi ziendelee, lakini zitajwe kwa jina lake. Mtu akiulizwa amefanya ngapi, aseme, "Kamili 20 na nusu 10." Maneno hayo hayamchukui muda wala hayampunguzii nguvu.

La nne, ambalo nalisema kwa uzito: asiwepo mtu wa kuweka makopo begani peke yake, wala wa kuongeza kopo kwa sababu tu ameweza kukunja magoti kidogo. Mgongo hubeba uzito wote hata kama miguu imekwenda robo. Zege halina huruma, na zahanati iko mbali na bweni.

Najua nitajibiwa kwamba idadi zetu zitashuka, na bweni lililotangaza 60 litaonekana na 25, hali wageni wamekuja. Na zishuke! Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa Taifa mwezi wa Novemba, na sote twajua kwamba alama za huruma za darasani hazimsaidii mtu siku ile, kwa maana msahihishaji hamjui wala hamwonei haya. Heri 25 ambazo mtu aweza kuzirudia mbele ya yeyote, popote, kuliko 60 zinazohitaji marafiki wa kuzihesabu.

Tena naamini kwamba kipimo kikiwa kimoja, ugomvi wa mabweni utakwisha, na wale wasiosemezana mezani wataanza tena kupeana chumvi. Aliyeshindwa kwa kipimo cha haki hununa siku moja. Aliyeshindwa kwa kipimo cha mashaka hununa muhula mzima.

Wenzangu, pigeni vyuma, na mpige kwa bidii. Mwenye nusu na aijaze, na mwenye kamili amshike mkono mwenye nusu. Lakini siku ya kikombe, kibaba kijae ndipo kihesabiwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne