Mbau: Kiti, ukuta na sekunde kumi katika kuwakinga wazee na kuanguka

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka baada ya kuanguka. Katika majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani pekee zinazoua watu wengi zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kundi linaloumia kuliko mengine yote ni la watu waliovuka umri wa miaka 60. Licha ya takwimu hizo, kuanguka kwa wazee ni nadra kutajwa katika mijadala ya afya ya kaskazini mwa Msumbiji. Malaria, kipindupindu na vita vimetangulia mbele, na mzee aliyevunjika nyonga huonekana kama mtu aliyepatwa na ajali ya nyumbani tu, au kama mtu ambaye umri wake umefika.

Mbau ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili upya. Ni makao ya moja ya tarafa za wilaya ya Mocímboa da Praia, kusini mwa mji wenye jina hilo, katika ukanda ambako lugha za Kimwani, Kimakonde na Kiswahili hukutana sokoni na misikitini. Uasi wa kutumia silaha ulianzia mjini Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 mji huo uliangukia mikononi mwa waasi, na Mbau ikageuka kuwa moja ya ngome zao. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji tarehe 8 Agosti 2021, na baadaye katika mwezi huohuo yakaingia Mbau. Wakazi walioanza kurejea katika wilaya hiyo walikuta nyumba zilizobomoka, visima vilivyoharibika na vituo vya afya visivyo na paa wala dawa.

Waliorejea si vijana peke yao. Wamo wazee waliotembea porini siku kadhaa, wakalala chini kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, wakala mlo mmoja kwa siku, kisha wakarudi kuanza kulima wakiwa na misuli iliyopungua na macho yaliyofifia. Daktari yeyote wa magonjwa ya uzeeni angeitambua orodha hiyo mara moja, kwa kuwa karibu kila kilichomo ndani yake humwongezea mtu uwezekano wa kuanguka.

Kipimo chenyewe ni kipi

Katika nchi tajiri, upimaji wa uwezo wa mwili kusimama imara bila kuyumba umetoka hospitalini na kuhamia kwenye kumbi za mitaa, maktaba na nyumba za ibada. Haudai mashine. Kinachohitajika ni kiti kisicho na magurudumu, ukuta wa kushikilia, na saa inayohesabu sekunde.

Kipimo kinachofahamika zaidi kilielezwa na watafiti wa Canada mwaka 1991. Mzee huketi kitini, husimama, hutembea mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kuketi tena. Kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, huhesabu sekunde 12 au zaidi kuwa ishara ya hatari. Kipimo cha pili kina hatua nne: kusimama miguu ikiwa sambamba, kisha mguu mmoja ukitangulizwa nusu, kisha kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine mithili ya mtu anayetembea juu ya kamba, na mwisho kusimama kwa mguu mmoja. Kila hatua ni sekunde 10. Asiyeweza kutimiza sekunde hizo katika hatua ya tatu huhesabiwa kuwa katika hatari zaidi ya kuanguka. WHO nayo, katika mwongozo wake wa huduma kwa wazee, inapendekeza mtu aombwe kusimama kutoka kitini mara tano bila kutumia mikono, na itazamwe kama atamaliza ndani ya sekunde 14.

Mwaka 2022 kusimama kwa mguu mmoja kulizungumzwa sana baada ya watafiti nchini Brazil kuchapisha matokeo ya watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75. Mmoja kati ya watano hakuweza kusimama hivyo kwa sekunde 10, na katika takriban miaka saba ya ufuatiliaji, kundi hilo lilikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 84, hata baada ya umri, jinsia na maradhi kuzingatiwa. Vyombo vingi vya habari viliitangaza habari hiyo kana kwamba mguu mmoja ni mtabiri wa mauti. Sivyo. Anayeyumba mara nyingi ana jambo jingine linalomsumbua, kama vile kisukari kilichoua hisia za nyayo, moyo dhaifu au misuli iliyonywea, na kuyumba ndiko kunakoonekana kwanza.

Tahadhari hiyo inavihusu vipimo vyote. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kipimo cha mita tatu, kikitumiwa peke yake kwa wazee wanaoishi majumbani, hakibashiri vizuri nani ataanguka. Ndiyo maana wataalamu hutanguliza maswali matatu kabla ya saa: Je, umeanguka katika mwaka uliopita? Je, unajihisi huna uthabiti unaposimama au kutembea? Je, unaogopa kuanguka? Swali la tatu lina uzito kuliko linavyosikika. Mwenye hofu hupunguza kutembea, asiyetembea hudhoofika misuli, na aliyedhoofika huanguka.

Kiti kisichokuwepo

Vipimo hivi vilibuniwa kwa watu wanaoketi kwenye viti vyenye kimo kinachofanana. Katika nyumba nyingi za pwani ya Cabo Delgado, hasa zile zilizojengwa upya baada ya vita, mtu huketi kwenye mkeka, kwenye kigoda kifupi au kwenye baraza la udongo. Kumpima mzee wa Mbau kwa kiti cha plastiki kilichoazimwa dukani, kisha kumlinganisha na mstaafu wa Boston, ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Wala tofauti hiyo haiwi hasara siku zote. Mtu aliyeketi chini na kuinuka kutoka sakafuni maisha yake yote amefanya kwa miongo mingi zoezi ambalo kwingineko hulipiwa ada. Sala tano za kila siku, pamoja na rukuu na sijda zake, humtaka Muislamu ainame, apige magoti, aguse ardhi kwa paji la uso na ainuke tena mara nyingi kati ya alfajiri na usiku. Mzee anapoanza kuomba aswali ameketi, hiyo yenyewe ni taarifa ya kiafya. Imamu wa msikiti huiona kabla ya muuguzi, na jamaa zake huiona kabla ya imamu. Mpango wowote wa upimaji utakaofika ukanda huu ungefanya vyema kuanza na ishara za namna hiyo, ambazo wenyeji wanazijua bila kufundishwa.

Afrika Mashariki ina mfano wa kuigwa katika kurekebisha vipimo vya kigeni. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Uingereza wamewachunguza kwa miaka mingi watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kazi hiyo ilizaa kipimo kifupi cha udhaifu wa uzee kilichotengenezwa mahsusi kwa Tanzania, kiweze kutumika mahali ambapo daktari bingwa wa wazee hayupo na muda wa kumwona mgonjwa ni mchache. Hai si Mbau. Haikukumbwa na vita, na hospitali ya rufaa iko karibu. Hata hivyo imeonyesha kwamba kipimo kinaweza kushonwa upya kimfae anayekivaa.

Baada ya kupima

Swali gumu ni nini hufuata. Kumwambia mama wa miaka 70 kuwa yuko hatarini kuanguka, kisha kuondoka na saa yako, ni kumwongezea hofu ile ile iliyotajwa hapo juu.

Ushahidi wa kinachosaidia upo, na ni wa kutia moyo. Mapitio ya tafiti 108 yaliyoongozwa na Cathie Sherrington wa Chuo Kikuu cha Sydney, yaliyochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha zaidi ya watu 23,000, yaligundua kuwa mazoezi hupunguza idadi ya matukio ya kuanguka kwa asilimia 23. Mazoezi yanayofaa zaidi ni yale yanayomlazimisha mtu kutafuta uthabiti wake: kusimama kwa vidole, kutembea kando, kuinuka na kuketi tena na tena. Si lazima yaitwe mazoezi. Wanawake wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji wana ngoma ya tufo, yenye miondoko ya kiwiliwili, magoti na mabega inayofanywa kwa pamoja na kwa utaratibu. Kundi la tufo linalowaalika wazee mara mbili kwa wiki lina nafasi kubwa zaidi ya kudumu kuliko darasa la mazoezi litakalofungwa siku mfadhili anapoondoka.

Macho nayo yana sehemu yake. Utafiti uliofanywa Nottingham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa wanawake wa zaidi ya miaka 70 waliopasuliwa mtoto wa jicho mapema walianguka mara chache kuliko waliosubiri, kwa tofauti ya asilimia 34. Mtoto wa jicho ni sababu kubwa ya upofu barani Afrika, na upasuaji wake ni mfupi. Kwa mzee wa Mbau anayetoka nje alfajiri bila taa, akipita kwenye visiki na mashimo kuelekea chooni, upasuaji huo huenda ukamfaa kuliko zoezi lolote. Kwa wanaomeza dawa za shinikizo la damu, kipimo cha kizunguzungu wanapoinuka kingeokoa mengi pia.

Yapo na mambo madogo ya nyumbani: gogo la kushikilia kando ya choo cha shimo, kizingiti kilichopunguzwa, ndoo ya maji inayobebwa na mjukuu badala ya bibi. Familia nyingi zingeyafanya haya leo kama zingeambiwa kuwa kuanguka si majaaliwa tu.

Nani atapima

Msumbiji ina watu wanaoweza kuifanya kazi hii. Ni wahudumu wa afya wa jamii wanaojulikana kwa kifupi cha Kireno kama APE, ambao mpango wao ulifufuliwa mwaka 2010 ili kuvifikia vijiji vilivyo mbali na vituo vya afya. Wao hupima malaria, hutibu kuhara na nimonia za watoto, na hufuatilia wajawazito. Kuwaongezea wazee juu ya mzigo huo ni rahisi kwenye karatasi. Mhudumu asiyelipwa kwa wakati na ambaye mkoba wake wa dawa ni mtupu hatakuwa na moyo wa kuhesabu sekunde, na tangu Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwaka 2025, mifuko ya afya ya Msumbiji imekuwa na mianya mikubwa zaidi.

Kwa upande wa sheria, nchi hiyo haina upungufu. Sheria namba 3 ya mwaka 2014 inalinda haki za wazee. Lakini kati ya sheria iliyopitishwa Maputo na kitanda cha kamba cha Mbau kuna safari ndefu. Mzee akivunjika nyonga huko, hospitali ya mkoa iko Pemba, umbali wa zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, katika jimbo ambalo safari za nchi kavu zimekuwa zikivurugwa na mashambulizi. Nyonga iliyovunjika kwa kawaida huhitaji upasuaji katika siku za mwanzo. Asiyeupata hulala, na anayelala muda mrefu hupata vidonda vya mgongo, kuganda kwa damu na nimonia. Hesabu ya gharama kwa hiyo ni tofauti na ya Ulaya. Kule kinga hupunguza bili ya hospitali. Mbau, kwa wengi, kinga ndiyo tiba pekee iliyo karibu.

Lipo jambo jingine ambalo miongozo ya Geneva na Atlanta haikulifikiria. Katika ukanda huu, uwezo wa kuinuka haraka na kutembea gizani umekuwa suala la usalama. Mashambulizi yalipofika Palma Machi 2021, maelfu ya watu walikimbia kwa miguu kupitia porini. Asiyeweza kusimama bila kushikwa hulazimisha familia yake kuchagua kati ya kumbeba na kumwacha. Mhudumu wa jamii anayejua ni nyumba zipi zina wazee wasiomaliza mita tatu kwa sekunde 12 ana orodha yenye kazi mbili: nani afanyishwe mazoezi, na nani apangiwe mtu wa kumsindikiza.

Kwa jamaa walio mbali, mjini Nampula, Dar es Salaam au ng'ambo, maswali yale matatu yanaweza kuulizwa kwa simu. Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo linatosha kumwomba mtu aliye karibu afike nyumbani. Anayepima asimame ubavuni mwa mzee, si mbele yake, karibu na ukuta au kitu kizito kisichosogea, mzee akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku. Asiyeweza kusimama bila msaada asipimwe hatua hizo nne kabisa, bali apelekwe moja kwa moja kwenye kituo cha afya kilicho wazi.