Idadi ya Taifa Darasani

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Namba hiyo ni ya wapangaji wa shule, maji na hospitali. Lakini yafaa iingie pia katika kipindi cha hisabati.

Wako wadhanio kwamba namba kubwa ni kazi ya mashine. Mwanafunzi wa Mgwashi, katika milima ya Usambara, mwenye kalamu na karatasi tu, anaweza kuivunja namba hii hadi mwisho wake. Ni shufwa, akiigawanya kwa 2 mara sita atapata 964,705. Akigawanya kwa 5 atapata 192,941, na kwa 7 atapata 27,563. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Namba 3 haiingii, kwa kuwa jumla ya tarakimu ni 23. Wala 7 haiingii tena, wala 11, wala 13, na kadhalika hadi 41. Mvivu ataacha hapo na kutangaza kwamba 27,563 ni namba tasa. Mvumilivu atajaribu 43, naye atapata 641 kamili.

Je, 641 nayo yavunjika? Hapana haja ya kugawanya tena. Kama ingevunjika, kigawo chake kimoja kilicho tasa kingekuwa chini ya 26, kwa maana 26 mara 26 ni 676. Lakini namba tasa zote zilizo chini ya 26 zimekwisha shindwa kuigawanya 27,563, ambayo 641 ni kigawo chake. Basi 641 ni tasa. Sababu hiyo, si jibu, ndiyo hisabati yenyewe; na kikokotoo hakiitoi.

Namba 641 ina historia. Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa yagawanyika kwa 641. Imani ya bingwa ilianguka mbele ya hesabu ya kugawanya.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba 641 imefichwa katika taifa kama siri. Angehesabiwa mtoto mmoja zaidi, jumla ingekuwa 61,741,121, namba witiri, na vigawo vyote hivyo vingetoweka. Sifa za namba si sifa za watu waliohesabiwa. Anayechanganya mambo hayo mawili ameacha sayansi na kushika ramli.

Kwa hiyo mwalimu asiridhike na jibu sahihi peke yake. Amwulize mwanafunzi: kwa nini umeacha kugawanya? Mwenye kujibu swali hilo hatatishwa na ukubwa wa namba, wala na ukubwa wa jina la aliyeitaja.