Kijiwe cha Alhamisi: Maswali ya Rubani

Safu hii mmeizoea kwa methali, vitabu vipya na ugomvi wetu usiokwisha wa ngeli. Safari hii tunaomba radhi, tunapanda angani. Mwenzetu mmoja, yule ambaye wengi mnamjua kwa pilau lake la sherehe ya kufunga mwaka, ameitwa kwenye usaili wa kazi ya rubani msaidizi katika shirika moja la nyumbani. Kwa wiki tano sasa kijiwe chetu cha Alhamisi kimegeuka jopo la wasaili. Ametupa ruhusa tuandike, mradi jina lake tuliache, nasi tutamwita Dada basi.

Hii ni mara yake ya pili. Mwaka jana shirika jingine lilimwita, akaenda akiwa amefaulu mitihani yote 13 ya nadharia ambayo rubani wa abiria hufanya hapa Uingereza, akaanguka kwenye swali la tatu. Aliulizwa V1 ni nini. Akalitoa jibu kama lilivyo kitabuni, neno kwa neno. Msaili akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza: mvua imenyesha, njia ya kurukia imelowa, V1 itapanda au itashuka? Itashuka, akasema. Kwa nini? Hapo pakawa kimya. Dakika ishirini zilizofuata hapendi kuzisimulia mpaka leo. Barua ilikuja siku tatu baadaye. Wanaojua ada ya shule ya urubani wataelewa kwa nini barua ile iliumiza nyumba nzima: kiwanja cha Kibaha kilikuwa kimeshauzwa.

Tulipoanza kumsaidia tulidhani kazi yetu ni kumuuliza maswali na kuangalia kama jibu linafanana na lililo kitabuni. Wiki mbili zikapita hivyo, na alijibu yote. Mitihani ile 13 ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na wanafunzi huipitia kwa maelfu ya maswali ya zamani hadi jibu linajulikana kwa sura yake, kama unavyomjua jirani kwa mwendo. Hatumlaumu mtu kwa hilo, maana alama ya kufaulu ni 75 kwa 100 na muda ni mfupi. Ila sisi tulikuwa tunamfanyia mtihani uleule alioushinda zamani.

Mambo yalibadilika kwa bahati. Alhamisi ya tatu alikuja kaka mmoja wa Pemba anayesoma isimu, asiyejua ndege zaidi ya kukaa dirishani. Akasikiliza, akachoka, akasema: "Dada, hebu niambie kwa Kiswahili hiyo V1 ni kitu gani." Dada akafungua mdomo, akaufunga. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yamefungwa pamoja kwa Kiingereza kama mzigo wa kuni, na hakuna hata ukuni mmoja uliotaka kuchomoka peke yake.

Ilimchukua robo saa. Mwisho alisema hivi: ndege inakimbia kwenye njia, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyohitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. V1 ni kasi ya mwisho ambayo ukianza kufunga breki hapo, utasimama kabla njia haijaisha. Ukishaivuka, unaruka, hata kama injini moja imekufa. "Na ikinyesha?" Njia inateleza, breki hazishiki vizuri, kwa hiyo lazima uamue mapema, ukiwa bado na kasi ndogo. Kaka wa Pemba hakuridhika: "Sasa huo mwendo uliopunguza, hulipi popote?" Swali zuri kuliko yote tuliyokuwa tumeyatoa kwenye vitabu! Unalipa. Injini ikifa mara tu baada ya V1 hiyo ya chini, bado una kasi nyingi ya kuitafuta kwa injini moja, kwa hiyo utafika mwisho wa njia ukiwa chini zaidi. Ndiyo maana mahesabu ya njia kavu hudai ndege iwe imefika futi 35 mwishoni, na ya njia iliyolowa hukubali futi 15. Namba hizo mbili Dada alikuwa nazo kichwani miaka miwili. Alizielewa Alhamisi ile, kwenye chumba chenye harufu ya kahawa iliyoungua.

Tangu hapo tukaweka sharti: kila jibu kwanza kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua, naye ana haki ya kuuliza "kwa nini" mara tatu.

Sharti hilo lilifichua jambo ambalo sisi wenyewe hatukulitegemea. Bawa linapoacha kuinua ndege, Waingereza hutumia neno lilelile la gari linapozimika injini. Dada alipotafuta la Kiswahili, akasema "ndege kuzimika". Mwanafunzi mmoja wa Kiingereza, anayesoma Kiswahili mwaka wa kwanza, akauliza kwa upole: kwani injini imeharibika? Haijaharibika. Injini inaweza kunguruma kwa nguvu zote na bawa likaacha kazi. Tukahangaika na neno mpaka yule kaka wa Pemba akakumbuka tanga la jahazi. Ukilikaza kwa kiasi, upepo unapita kwa ulaini na chombo kinakwenda. Ukilikaza kupita kiasi, upepo hauwezi tena kuufuata mgongo wa tanga, unavurugika nyuma yake, na chombo kinapoteza mwendo ingawa upepo haujapungua hata chembe. Bawa ni hivyo. Kosa liko kwenye pembe kati ya bawa na upepo unaolijia, ndiyo maana linaweza kutokea kwa kasi yoyote, na dawa ya kwanza ni kushusha pua, ipungue pembe hiyo. Tuliafikiana kuliita "kuvurugikiwa", hadi walimu watupe jingine. Na kwa nini tushangae? Neno rubani lenyewe lilikuwa la baharini kabla ya kupaa, na noti za kasi ya ndege ni zilezile za meli. (Za benki ni habari nyingine, muulizeni Dada.)

Nyumbani kuna maswali yake, na hapa ndipo aliyefunzwa Uingereza hujikwaa, kwa sababu viwanja vingi vya huku viko chini karibu na bahari. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kiwango, ile ya vitabu, ina nyuzi 15 za sentigredi usawa wa bahari, nayo hupungua nyuzi 2 kila futi 1,000. Kwa hiyo Nairobi kitabu kinatarajia nyuzi 4 na kitu. Mchana wa nyuzi 25 umezidisha kama 21. Kila uzi mmoja wa ziada ni sawa na kuongeza futi 120 hivi. Fanyeni hesabu: ndege inajiona iko kwenye futi 7,800. Kipima mwendo kikisema noti 140, kasi yake ya kweli hewani ni kama 157, maana hewa ni nyepesi na lazima uende mbio zaidi kupata nguvu ileile. Nguvu ya mwendo ambayo breki zitapaswa kuimeza ukikatiza safari imezidi kwa robo. Injini nazo zinavuta hewa hiyohiyo nyepesi. Dada aliyasema yote haya bila karatasi Alhamisi iliyopita, na mama mmoja wa Bujumbura aliyekuja kumchukua mwanawe akasema sasa anaelewa kwa nini mchana wa jua kali ndege inaweza kulazimika kuacha mizigo.

Mtego wa pili ni wa kushuka. Kanuni ya marubani ni maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 unazotaka kupoteza. Ukiwa futi 35,000, ulimi unakimbilia maili 105. Lakini unatua Nairobi! Za kupoteza ni 30,000 hivi, yaani maili 90, uongeze kama 10 za kupunguza mwendo. Alikosea hili mara mbili.

Na mtu asisome Boeing tupu kama shirika linarusha ATR 72 au Dash 8. Wataulizia pangaboi. Ikiwa mapangaboi yote mawili yanazunguka kufuata mwelekeo wa saa ukiyatazama kutoka nyuma, injini ipi ikifa inakutesa zaidi? Ya kushoto, kwa sababu ubao wa pangaboi unaoshuka, wa upande wa kulia, ndio unaovuta zaidi, kwa hiyo mvuto wa injini ya kulia iliyobaki uko mbali zaidi na katikati ya ndege na unaipinda kwa nguvu.

Mwalimu wetu mmoja ametuonya, na onyo lake tumelipokea: usaili utakuwa kwa Kiingereza, msije mkamfunga ulimi. Kweli, mara mbili Dada ameanza jibu kwa "tanga". Kwa hiyo nusu saa ya mwisho sasa ni Kiingereza kitupu, na tumegundua kwamba sentensi zake zimekuwa fupi kuliko za zamani. Tumemzoeza pia kusema "sijui, ila ningelitafuta kwenye kitabu fulani cha ndege", kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kunamshinda.

Usaili ni Jumatano, na toleo hili litakuwa limeshatoka. Alhamisi hii ndiyo ya mwisho, saa kumi na mbili jioni, chumba kilekile, na zamu ni ya hali ya hewa. Swali la kuanzia tumeshampa: tabaka la juu ambako hewa huacha kuzidi kupoa liko kilomita 16 au 17 juu ya Ikweta, na kama 8 au 9 tu juu ya ncha za dunia. Sasa kwa nini huko juu, Ikweta ndiyo yenye baridi kali zaidi? Njooni mumuulize "kwa nini" zenu tatu. Wasiojua lolote la ndege ndio tunaowahitaji zaidi. Kahawa tutainunua nje.