Australia: Mpira wa mikoani wahitaji watoto wa wakimbizi, ila mabinti bado wanasubiri

Kuanzia mwezi wa nne hadi mwezi wa tisa, Jumamosi katika miji midogo ya jimbo la Victoria, Australia, ni siku ya mpira. Si kabumbu tunayoijua Goma ao Bukavu. Ni mpira wa Australia wenyewe: wachezaji 18 kila upande, uwanja wa umbo la yai, nguzo nne kila mwisho, mpira unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Ukipita kati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1.

Jambo hili linawagusa Wakongomani zaidi ya vile wengi wanavyodhani. Mwaka 2005, serikali ya Australia ilipeleka familia 10 za wakimbizi kutoka RDC katika mji wa Shepparton, yapata kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne. Lilikuwa jaribio la kuwapa wakimbizi makao mikoani badala ya kuwarundika katika miji mikubwa. Leo Wakongomani wanaishi pia Albury-Wodonga na Mount Gambier. Na katika miji hiyo, asiye na klabu hana mahali pa kukutana na jirani.

Klabu ya mikoani ni nyumba ya watu wengi. Wanaume wa timu ya kwanza, wa akiba na vijana hucheza mpira. Wanawake hucheza mpira wa pete pembeni, siku ileile, chini ya jina lilelile. Wazazi ndio wanaouza chakula, kufua jezi na kuchora mistari ya uwanja, bila malipo. Lakini watu wanapungua. Vijana huenda Melbourne kwa masomo na kazi, na mashamba makubwa hayahitaji tena mikono mingi. Vilabu vingine vimelazimika kuungana ili vipate timu.

Kwa miaka mingi, wenye pesa walijaza pengo kwa kulipa wachezaji kutoka mbali. Ndiyo maana Victoria ikaweka kikomo cha malipo, pamoja na hesabu ya pointi: kila mchezaji ana thamani yake, na timu haiwezi kupita kiwango ilichowekewa. Aliyewahi kucheza ligi kuu hugharimu pointi nyingi. Aliyelelewa na klabu hugharimu 1 tu.

Hapo ndipo penye uzito. Mtoto aliyefika Shepparton akiwa na miaka minane, akaanza na timu ya watoto, anahesabiwa sawa kabisa na mtoto wa mkulima aliyezaliwa pale. Kumpokea mtoto wa mkimbizi si tena wema wa moyo peke yake, ni faida ya klabu. Ila kuna viatu, ada, na mtu wa kumpeleka kwenye mechi za ugenini huku baba ao mama yuko kazini Jumamosi. Klabu inayongoja mtoto aje mwenyewe itangoja sana.

Kwa mabinti, njia ni nyembamba zaidi. Zamani msichana alicheza na wavulana hadi karibu miaka 14, kisha akaelekezwa kwenye mpira wa pete. Ligi kuu ya wanawake, AFLW, ilianza mwezi wa pili 2017 ikiwa na timu 8. Mechi ya kwanza, Carlton dhidi ya Collingwood, ilivuta watu zaidi ya 24,000, milango ikafungwa wengine wakibaki nje. Tangu 2022 timu ni 18, sawa na wanaume.

Mikoani, hamu ile ilikuta viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya wanaume, hata vyumba vya kubadilishia nguo. Mara nyingi mechi za wanawake huwekwa Ijumaa usiku ao Jumapili, kwa sababu Jumamosi imejaa. Kwa familia ya Kikongomani ambayo Jumapili ni ya kanisa, ratiba hiyo peke yake inatosha kumfungia binti nje. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini matokeo ni yaleyale.

Mfano wa mafanikio upo. Akec Makur Chuot, aliyepitia kambi ya Kakuma nchini Kenya, alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Afrika kucheza AFLW, mwaka 2017.

Upo pia mfano wa kuonya. Héritier Lumumba, ambaye baba yake ana asili ya Congo, alitwaa ubingwa na Collingwood mwaka 2010. Baadaye alieleza kwamba ndani ya klabu aliitwa kwa jina la nyani. Mwezi wa pili 2021, ripoti iliyoagizwa na klabu yenyewe ilisema ubaguzi ulikuwa umeota mizizi humo, na rais wake, Eddie McGuire, akajiuzulu.

Shepparton ina kipimo chake cha karibu. Wenyeji wa asili wa eneo hilo walianzisha klabu yao, Rumbalara, ambayo iliomba kwa miaka kadhaa kabla ya kukubaliwa kwenye ligi mwaka 1997. Ikiwa wenye ardhi walingojeshwa hivyo, wazazi wa Kikongomani wana haki ya kuuliza, kabla ya kulipa ada, ni nani atasimama upande wa mtoto siku atakapotukanwa uwanjani.