Three-Body Problem: Wang Miao anaboa, Ye Wenjie je?

Wasee, The Three-Body Problem ya Liu Cixin imetugawanya kabisa. Kuna wale wanaiona ndiyo baba yao, si ilishinda tuzo ya Hugo 2015, ya kwanza kwa riwaya iliyotafsiriwa? Halafu kuna wale waliiacha njiani: ati fizikia imezidi na wahusika ni mbao.

Mimi niliacha chuo na bado niliimaliza, kwa hivyo hiyo ya fizikia siinunui. Ya wahusika, nusu mko sawa. Wang Miao anazunguka tu akishangaa. Ana mke na mtoto, na huwezi hata kuwakumbuka.

Lakini Ye Wenjie mnamrukaje? Mwaka 1967, Mapinduzi ya Utamaduni yamechacha Uchina, anatazama babake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa mbele ya umati. Na mamake ako hapo hapo jukwaani, anamshtaki mumewe. Miaka baadaye anapata ujumbe kutoka sayari nyingine ukimwonya asijibu, la sivyo dunia itavamiwa. Anajibu.

Manze, huyo si mbao. Ni mtu aliyeona binadamu hawawezi kujirekebisha, akaamua kuita wageni waje watunyooshe. Amekosea vibaya sana, lakini kila hatua yake unaielewa, na hapo ndipo kitabu kinatisha.

Kama uliachia kwa Wang Miao, rudi umalizie ya Ye Wenjie. Halafu niambie ukweli: wewe ungenyamaza?