Kumjua Ajuaye ni Nusu ya Kazi

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wanafunzi wetu huikariri methali hii tangu shule ya msingi, lakini ni nadra kuulizwa swali linaloifuata: ikiwa kila mtu ana akili zake, ni nani anayejua ipi iko kwa nani? Naamini kwamba katika kazi yoyote ya watu wengi, jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha kundi lenye nguvu na mkusanyiko tu wa watu hodari.

Hapa Silibwet hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Jani la chai likishachumwa haliwezi kungoja. Likishindiliwa kapuni au likicheleweshwa kituoni hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo mchumaji hana budi kujua kuchagua majani mawili na chipukizi. Karani wa kituo ajue kuyakagua na kuyapima. Dereva ajue njia ipitikayo wakati wa mvua. Kiwandani wamo wenye ujuzi wa kuyanyausha, kuyakata, kuyaangalia yanapogeuka rangi, kuyakausha na kuyapanga kwa madaraja. Hakuna anayeyajua yote, wala si lazima. Lililo lazima ni kila mmoja ajue amwendee nani jambo likimshinda, tena aliamini jibu atakalopewa.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1985, Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na wenzake, walieleza jinsi watu wanaoishi pamoja wanavyogawana kazi ya kukumbuka: huyu huweka hili, yule huweka lile, na kila mmoja hujua la mwenzake liko wapi. Mwaka 1995, Liang, Moreland na Argote waliwafundisha wanafunzi wa chuo kuunganisha redio. Baadhi walijifunza wakiwa katika kundi lao, wengine walijifunza mmoja mmoja kisha wakakutanishwa. Mafunzo yalikuwa yale yale, lakini waliojifunza pamoja walikumbuka hatua nyingi zaidi na wakakosea kidogo. Walikuwa wamejifunza redio, na zaidi ya hapo walikuwa wamejifunza wenzao.

Sasa tuitazame shule. Mwaka 2018, Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilianza kuwahamisha walimu wengi mbali na kaunti zao. Nia iliyotajwa ilikuwa kujenga umoja wa taifa na kuimarisha usimamizi. Mwaka 2023 wengi waliruhusiwa kurudi karibu na kwao. Mjadala wa miaka hiyo ulihusu zaidi familia zilizotengana, na ulistahili. Hata hivyo, kuna hasara ambayo haikupata msemaji. Mwalimu wa Hisabati akiondoka, aletwapo mwingine mwenye shahada ile ile, daftari la tume husoma kuwa pengo limezibwa. Lakini mgeni huyo hajui ni mwenzake yupi anayeweza kumtuliza mtoto aliyefiwa, wala ni nani katika chumba cha walimu aliye stadi wa kutunga mtihani. Wenzake nao hawajui wamwulize nini. Ujuzi upo, ila njia ya kuufikia imekatika.

Yuko atakayesema kwamba waliokaa pamoja muda mrefu hufichiana makosa. Ni kweli, na uhamisho una mahali pake. Ninachopinga ni kuwang'oa wengi kwa mkupuo mmoja, bila anayeondoka kupata nafasi ya kufanya kazi bega kwa bega na anayeingia. Vilevile, hatari ipo pale ambapo jambo moja linajulikana na mtu mmoja pekee: siku asipofika, kazi yote husimama.

Hatari nyingine ni kudhani kwamba cheo ndicho ujuzi. Mara nyingi mpishi wa shule ndiye wa kwanza kumtambua mtoto anayekuja bila kula kwao, lakini ni nani humwita mkutanoni?

Kwa walimu wenzangu, nasema tusiyavunje makundi ya wanafunzi kila wiki. Mtaala wa umilisi unadai kazi za pamoja, basi tuwape vijana muda wa kujuana kikazi. Kabla ya mradi kuanza, kila mmoja aseme analoliweza na lile analohitaji kusaidiwa. Na kila jambo muhimu lijulikane na wawili. Nanyi wanafunzi, msione haya kusema, "Mimi sijui, lakini namjua anayejua." Kuuliza si ujinga, na kumjua wa kuuliza ni elimu ambayo hakuna cheti kinachoionyesha.