SARAFU ZA FEDHA MPAKANI: MIZANI NA MAJI KABLA YA PINGU

Bei ya fedha katika masoko ya dunia ilipanda hata mwezi wa Oktoba 2025 ikavuka dola 50 za Kimarekani kwa aunsi moja ya gramu 31.1, ikakipita kilele cha Januari 1980. Bei ikipanda hivyo, sarafu kuukuu zilizolala miaka mingi katika makopo ya wazee huanza kutembea tena, nazo hazitembei peke yake. Pamoja na za kweli hutembea za kughushi, na aghalabu mtu wa kwanza kukutana nazo ni askari: yule wa kizuizi cha barabarani, yule wa zamu kituoni, na yule mstaafu mwenye kiinua mgongo mfukoni. Lugha yetu yenyewe huita madini haya fedha, na pesa pia huziita fedha. Tapeli naye hupita katika mlango huo huo mmoja.

Tukiitaja Buteba hatuionei. Eneo hili la wilaya ya Busia, lililopakana na Kenya kwenye njia ya kuelekea Tororo, ni nchi ya dhahabu. Madini hayo yalianza kuchimbwa Busia tangu miaka ya 1930, na mwaka 2025 Rais Yoweri Museveni akazindua huko mgodi na kiwanda cha kampuni ya Wagagai. Kwa sababu hiyo mizani midogo inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu si kitu kigeni kwa watu wa hapo. Wala zebaki si ngeni, maana wachimbaji wadogo huitumia kunasia dhahabu. Mizani humfichua tapeli, bali zebaki humsaidia: shaba ikisuguliwa zebaki hung'aa kama fedha kwa muda, kisha hufifia, na aliyeishika huondoka na sumu mikononi. Wenye umri hawajasahau magendo ya kahawa ya mwaka 1976 na 1977, yaliyovuka hadi Chepkube. Mpaka huu umewafunza wajanja wengi.

Sajini mmoja mstaafu, ambaye jina lake tunamhifadhia, alinunua kopo lenye shilingi 30 za zamani na reale 4. Muuzaji alimwambia kwamba babu yake alikuwa askari wa KAR na kwamba Waingereza walimlipa kwa fedha tupu. Sajini aliziuma sarafu kwa meno, akaziangusha juu ya jiwe, akaridhika. Baadaye mnunuzi wa mjini alizikataa, na sajini akaenda kituoni akitaka muuzaji ashitakiwe kwa kufua sarafu bandia. Konstebo kijana aliyekuwa zamu alikuwa ameshika kalamu, tayari kuandika hivyo hivyo alivyoambiwa. Tunamshukuru mkubwa wake aliyemzuia kwa swali moja: sarafu hizi zilipaswa kuwa na nini ndani yake?

Swali hilo ndilo msingi wa upelelezi wa namna hii. Uchunguzi wa sayansi haujibu kwamba hii ni ya kweli na ile ni bandia. Hujibu kwamba hapa pana fedha kiasi hiki na shaba kiasi hiki, basi. Mwenye kuamua ni yule anayelinganisha jibu hilo na kanuni ya mahali sarafu ilipofuliwa.

Tuanze na shilingi. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi wa upande wa Waingereza walilipwa kwa rupia, na rupia ya Kihindi ilikuwa na uzani wa gramu 11.66, fedha yake ikiwa sehemu 917 kwa kila 1,000. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka 1921 ikaja shilingi yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Shilingi hiyo ilikuwa na gramu 7.78, lakini fedha yake ilikuwa robo tu. Kuanzia sarafu za mwaka 1948 fedha iliondolewa kabisa, zikafuliwa kwa shaba na nikeli, na simba akabaki yule yule. Maana yake ni kwamba shilingi ya mwaka 1949 ikipelekwa maabara, mkemia atasema haina fedha hata chembe, naye atakuwa amesema kweli, na sarafu itakuwa halali kama ilivyotoka kiwandani. Askari asiyelijua hilo atamtia ndani mtu asiye na hatia kwa ushahidi ulio sahihi. Hilo linatutisha kuliko ushahidi wa uongo.

Reale nayo ina mtego wake. Ni ile sarafu ya Maria Theresa iliyotumika pwani yetu na Uhabeshi, yenye gramu 28.07 na fedha sehemu 833 kwa kila 1,000. Kila moja imeandikwa mwaka 1780, hata iliyofuliwa jana. Waitalia walichukua haki ya kuifua mwaka 1935, Waingereza wakaanza kuifua London mwaka 1936, baadaye ikafuliwa Bombay na Birmingham, na Vienna haijaacha hadi leo. Basi reale inayong'aa kama mpya si lazima iwe ya kughushi, wala iliyochakaa si lazima iwe ya kweli.

Sasa tufike kwenye mizani na maji. Sumaku ni hatua ya kwanza, nayo ni ya haraka: ikivuta reale, pana chuma ndani, na hakuna haja ya kuendelea. Isipovuta, bado hatujui lolote, maana shaba, risasi na bati havivutwi. Pima uzani, uandike. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na uitumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi mwembamba bila kugusa chini wala ubavuni. Namba itakayoonekana ndiyo ujazo wa sarafu. Gawanya uzani kwa ujazo. Reale ya kweli yenye gramu 28.07 huonyesha 2.75 majini, na jibu ni karibu 10.2. Shaba tupu, au shaba iliyochanganywa na nikeli, haifiki hapo. Huishia karibu na 8.9. Kwa shilingi kazi ni ngumu zaidi, kwani iliyo na robo ya fedha iko karibu na 9.3 tu, na tofauti hiyo humezwa na mtikisiko wa mkono. Dawa yake ni kutumbukiza kumi za namna moja kwa pamoja, ili tofauti iongezeke mara kumi. Tumeifanya wenyewe kwa mizani ya kukopa, tena juu ya meza mbovu, ikakubali.

Hata hivyo maji nayo hudanganyika. Risasi ni nzito kuliko fedha, bati ni jepesi kuliko fedha, na fundi mwenye akili huweza kuyachanganya hata yafikie 10.2 barabara. Zipo mashine za eksirei ambazo huisoma metali bila kuikwaruza, nazo zitamkamata fundi huyo papo hapo. Lakini mashine hizo husoma ngozi ya sarafu tu, hazifiki moyoni. Akiuchovya mchanganyiko wake katika fedha, atapita mbele ya mashine na mbele ya maji pia. Kinachomfichua hapo ni sauti, kwa sababu fedha hulia kama kengele na risasi hutoa mlio mzito uliokufa. Ndiyo maana hatupendi kipimo kimoja kiachwe kitoe hukumu. Tena hatupendi kabisa asidi na tupa mikononi mwa askari. Sarafu iliyokwaruzwa kituoni ni kielelezo kilichoharibiwa, na kama ilikuwa ya kweli, ni mali ya mwananchi iliyoharibiwa na serikali.

Isaac Newton, aliyewafundisha walimwengu sheria za mwendo, aliwekwa kuwa mlinzi wa kiwanda cha sarafu cha London mwaka 1696. Hapakuwa na mtu wakati ule aliyeelewa mizani kumzidi. Walakini, alipomwandama mghushi mkubwa William Chaloner, aliyenyongwa mwaka 1699, alimfikisha hapo kwa kukusanya mashahidi, mmoja baada ya mwingine, na maelezo yao. Makachero wetu watalipenda jambo hilo. Wapo wanaodhani maabara itawapunguzia kazi ya kutembea kwa miguu.

Kazi ya kituo, basi, ni kuhesabu sarafu mbele ya mtuhumiwa, kuandika mwaka na uzani wa kila moja, kuzitenga kwa namna zake, kuzifunga katika mfuko, kuutia lakiri, na kuandika jina la kila anayeupokea hadi ufike Maabara ya Serikali, Wandegeya. Vipimo vya sumaku na maji ni vya kumwongoza mpelelezi, havichukui nafasi ya mkemia mahakamani.

Kopo la sajini lilipimwa kwa utaratibu huo. Shilingi zote 30 zilionekana halisi: 19 za kabla ya 1948 zenye robo ya fedha, na 11 za 1948 hadi 1952 zisizo na kitu. Hakuna aliyezighushi. Uongo ulikuwa katika maneno ya muuzaji, aliyeuza robo kwa bei ya nzima na kisichokuwepo kwa bei hiyo hiyo. Kati ya reale 4, moja ilitoa gramu 28 na maji yakatoa 2.75. Tatu zilikuwa na ukubwa sawa na ile, lakini hazikuzidi gramu 24 na nusu. Jalada likaandikwa upya, kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu likatangulia, na suala la nani aliyezimimina reale tatu likaachwa wazi mpaka mkemia aseme. Muuzaji anadai alizinunua ng'ambo ya mpaka kwa mtu mwingine, na huenda ni kweli. Mfuko umetiwa lakiri, unasubiri gari la Kampala.